Walichoonyeshwa na Walichokiona: Maswali Yenu Kuhusu Wajapani Waliotalii Makoloni Yao

Tangu tuchapishe makala ya reli za Asia Mashariki, barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: Wajapani wa kawaida, wasio askari wala maofisa, waliijuaje Korea, Taiwan na Manchuria (kaskazini-mashariki mwa China) wakati nchi hizo zilipokuwa chini ya dola yao? Tumechagua maswali kadhaa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu yana mengi ndani yake. Mengine aya moja inatosha.

SWALI: Nilidhani utalii wa kikoloni ulikuwa mambo ya Wazungu. Wajapani walianza lini, na nani aliwagharimia?

Shika mwaka 1906. Vita vya Japani na Urusi vilikwisha Septemba 1905 kwa Mkataba wa Portsmouth, na hata mwaka haujapita gazeti la Asahi likakodi meli iitwayo Rosetta Maru na kuuza nafasi za ziara ya Manchuria na Korea. Kiangazi hichohicho Wizara ya Elimu na jeshi la nchi kavu waliwasafirisha walimu na wanafunzi kwenda kuyaona maeneo ya vita. Mwalimu hakuchaguliwa kwa bahati. Akirudi na simulizi zake, atazimwaga darasani kwa miaka thelathini.

Mwaka huohuo ikaundwa Kampuni ya Reli ya Manchuria Kusini, ambayo Wajapani huiita Mantetsu, kwa mtaji wa yeni milioni 200, nusu yake ikiwa ya serikali. Kampuni hii ilikuwa na reli, migodi, bandari na hoteli. Hoteli yake ya kwanza ya Yamato ilifunguliwa Dalian mwaka 1907. Ilihitaji abiria, lakini zaidi ya abiria ilihitaji umma wa Japani uamini kwamba Manchuria inastahili fedha na damu iliyomwagika. Kwa hiyo iliwaalika waandishi, wachoraji, walimu na wabunge, ikawapa tiketi na malazi, ikawaacha waandike wenyewe. Tangazo zuri kuliko lote ni lile linaloandikwa na mtu anayeheshimika akidhani anaandika maoni yake.

Ofisi ya Utalii ya Japani iliundwa mwaka 1912, nayo mwanzoni iliwalenga wageni kutoka nchi za Magharibi. Ilifungua matawi Dalian, Seoul na Taipei, na kuanzia 1925 ikaanza kuwauzia tiketi Wajapani wenyewe. Hata hivyo msidhani kila mtu alisafiri. Waliokwenda ni wanafunzi waliosafiri kwa makundi na kwa nauli ya punguzo, walimu, wafanyabiashara, maofisa na watu wenye kipato kizuri. Mkulima wa kawaida wa Japani alifika Manchuria akiwa askari au mlowezi.

SWALI: Safari yenyewe ilikwendaje, hatua kwa hatua? Na kwa nini mnasema ratiba ndiyo iliyowafundisha watu namna ya kuona?

Tuchukue njia iliyopendwa zaidi, ile ya kupitia Korea. Msafiri wa Tokyo alipanda treni hadi Shimonoseki, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Honshu. Tangu Septemba 1905 kulikuwa na feri kutoka hapo hadi Busan, umbali wa kilomita 240 hivi. Mwanzoni ilichukua usiku mzima, zaidi ya saa 11. Meli kubwa ya Kongo Maru ilipoingia kazini mwaka 1936 muda huo ulipungua kwa theluthi moja au zaidi.

Busan reli iliingia hadi gatini. Abiria alishuka melini, akavuka gati, akapanda behewa. Mji mzima wa Busan aliuona kupitia dirishani. Kutoka hapo hadi Seoul, ambayo Wajapani waliiita Keijo, ni kilomita kama 450 kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1905. Akiendelea kaskazini alipita Pyongyang, akafika Sinuiju, akavuka mto Yalu juu ya daraja la chuma lililokamilika mwaka 1911, akakaguliwa na forodha Andong (leo Dandong), kisha akaenda Mukden (leo Shenyang). Hapo aligeuka kusini hadi Dalian na Port Arthur, akarudi nyumbani kwa meli. Mzunguko huu ulichukua kati ya wiki mbili na mwezi mmoja.

Sasa angalieni alichofanyiwa Seoul kwa siku moja au mbili. Alipelekwa kwenye hekalu la Kijapani la mlima Namsan, lililokamilika mwaka 1925, lenye ngazi ndefu na mandhari ya mji mzima chini yake. Akapelekwa kwenye jengo la Serikali Kuu ya kikoloni, lililokamilika mwaka 1926 na kujengwa mbele kabisa ya ukumbi wa enzi wa kasri la Gyeongbok, likiuziba kwa yeyote aliyeutazama kutoka barabarani. Akapelekwa Changgyeong, kasri lililogeuzwa bustani ya wanyama mwaka 1909 na kupandwa miti ya micheri ya Kijapani. Jioni, kama alikuwa na fedha, alilala katika Hoteli ya Chosen iliyofunguliwa mwaka 1914. Hoteli hiyo ilisimama mahali pa madhabahu ambapo Gojong alijitangaza kuwa mfalme mkuu wa Korea huru mwaka 1897. Madhabahu ilibomolewa; banda lake moja likaachwa, likawa pambo la bustani ya hoteli. Mgeni alikunywa chai akilitazama na kuona uzuri wa kale.

Katika siku hizo, alizungumza na nani? Mwongoza watalii alikuwa Mjapani, mwenye nyumba ya wageni Mjapani, chakula cha Kijapani, gazeti la Kijapani. Wakorea aliokutana nao walikuwa wapagazi wenye fremu za mbao mgongoni, wanawake wanaofua mtoni, na kisaeng, yaani wanawake waliofunzwa kuimba na kucheza mbele ya wageni. Chuo cha kisaeng cha Pyongyang kilikuwa kituo rasmi cha ziara. Kisha dukani akakuta kadi za posta, na juu yake ni haohao: mpagazi, mfuaji, kisaeng. Akanunua, akaona zimesema kweli, maana ndivyo alivyoona. Nyumbani aliyezipokea naye akaenda mwaka uliofuata akiwatafuta watu haohao. Waswahili tunasema macho hayana pazia. Ya watalii hawa yalikuwa nalo, na aliyelivuta ni mpanga ratiba.

Zaidi ya hapo, treni ilikuwa fundisho peke yake. Ndani kuna usafi, saa kamili, mhudumu anayejua adabu. Nje kuna vijiji vya nyasi vinavyopita kwa kasi. Mtu akikaa dirishani siku mbili anaanza kudhani aliye ndani ndiye wa leo na aliye nje ni wa jana. Wapangaji walilijua hilo, wakazidi kuboresha. Novemba 1934 Mantetsu ilizindua treni ya Asia: kilomita 701 kutoka Dalian hadi Changchun kwa saa 8 na nusu, mabehewa yakiwa na viyoyozi, jambo ambalo Japani kwenyewe lilikuwa nadra mno. Treni za haraka zilizotoka Busan kwenda Manchuria ziliitwa Hikari na Nozomi. Majina hayo mawili baadaye yalipewa treni za kasi za Japani, ya kwanza mwaka 1964 na ya pili mwaka 1992, na wengi wanaozipanda leo hawajui yalikotoka.

SWALI: Kwa nini Port Arthur ilikuwa lazima katika kila ziara? Si uwanja wa vita tu?

Ndiyo, na ndiyo sababu yenyewe. Port Arthur (leo Lüshun) ilizingirwa kuanzia Agosti 1904 hadi Warusi waliposalimu amri Januari 1905. Jeshi la Japani lilipoteza watu takriban 60,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Jenerali Nogi Maresuke, aliyeongoza mashambulizi, alipoteza wanawe wawili katika vita hivyo, mmoja wao kwenye Kilima cha Mita 203.

Ziara iliyozoeleka ilianzia Dalian kwa treni, kama kilomita 60. Kituoni wageni walichukuliwa kwa magari ya farasi, baadaye kwa basi. Mlima Baiyu ndio uliotangulia, wenye mnara wa kumbukumbu uliokamilika mwaka 1909 na kuonekana kutoka bandari yote. Halafu jumba la nyara za vita. Halafu ngome ya Dongjiguan, ambako kuta zenye mashimo ya risasi na mizinga ziliachwa bila kuzibwa, na ambako jenerali wa Kirusi Kondratenko aliuawa Desemba 1904. Halafu nyumba ndogo ya Shuishiying ambapo Nogi na Stoessel, kamanda wa Warusi, walikutana baada ya Warusi kusalimu amri. Mwisho, kupanda Kilima cha 203 kwa miguu. Kupanda kwenyewe kulikuwa sehemu ya somo: mgeni anayehema katikati ya mteremko anaelezwa kwamba hapa vijana walipanda wakipigwa risasi.

Mwongoza watalii hakusoma karatasi. Alisimulia kwa sauti ya msimuliaji wa vita, akitaja saa ya shambulio, kikosi, na idadi ya waliobaki. Watu walilia. Ndipo likaingia wazo ambalo lingeigharimu Asia sana: kwamba ardhi hii imelipiwa kwa damu ya Wajapani, basi kuiachia ni kuwasaliti wafu. Wanasiasa walilitumia neno hilo hadi 1931, Japani ilipoiteka Manchuria, na baada yake, na hawakulazimika kulieleza, kwa kuwa maelfu walikuwa wamelisikia wakiwa juu ya kilima.

Linganisheni na kilichoachwa. Japani iliwahi kuuteka mji huohuo mara ya kwanza, Novemba 1894, katika vita na China. Askari wake waliwaua wakazi wengi wa Kichina wasio na silaha, na magazeti ya nje yaliripoti. Kaburi la pamoja la waliouawa lipo mjini hadi leo. Katika simulizi ya ziara, adui alikuwa Mrusi, adui mwenye heshima aliyejengewa hata jiwe la ukumbusho. Mchina, ambaye mji ni wake, hakuwa na nafasi. Alionekana tu akivuta gari au kubeba mzigo.

Kuhusu mizigo, Dalian ilikuwa na kituo chake: bandari ya maharagwe ya soya na bweni kubwa la makuli liitwalo Hekizanso. Wageni walipitishwa kuona wanavyolala na kula. Walioandika baadaye walirudia mambo mawili yanayogongana, uchafu wa makuli na uhodari wao wa kazi, na kwa kawaida hawakuuliza mshahara ulikuwa kiasi gani.

SWALI: Taiwan je? Huko hakukuwa na uwanja wa vita maarufu.

Taiwan iliuzwa kwa njia nyingine kabisa. Ilikuwa mikononi mwa Japani tangu Mkataba wa Shimonoseki wa 1895, na reli ya pwani ya magharibi, kutoka Keelung hadi Kaohsiung, ilikamilika mwaka 1908. Mgeni aliyetoka Kobe kwa meli alirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kwani kisiwa kilikuwa na majira yake hadi 1937. Alionyeshwa hekalu la Taipei, viwanda vya sukari, kafuri, chai, ndizi. Somo la tambarare lilikuwa: tazameni tulivyoizalisha.

Somo la milimani lilikuwa gumu zaidi. Huko waliishi wenyeji wa asili, Waatayal, Waseediq, Wabunun na wengineo, ambao serikali ilipigana nao kwa miaka mingi. Iliwazungushia mstari wa ulinzi wenye vituo vya polisi na nyaya za umeme, na kati ya 1910 na 1914 Gavana Mkuu Sakuma Samata aliendesha kampeni kubwa ya kuwatiisha. Punde tu baadhi ya vijiji vilipotulizwa, vikaingizwa katika ratiba.

Kilichotembelewa sana ni Jiaobanshan. Mambo yalikwenda hivi. Mgeni aliomba kibali cha polisi kuingia eneo la wenyeji. Bila kibali hakuvuka. Kutoka Taoyuan alipanda kigari kidogo cha mbao juu ya reli nyembamba, kikisukumwa na watu kupanda mlima. Juu alionyeshwa shule ambapo watoto wa Kiatayal waliimba kwa Kijapani na polisi ndiye mwalimu, kisha duka la mabadilishano ambapo angeweza kununua nguo iliyofumwa. Alipiga picha na mzee mwenye chale usoni, ingawa serikali ileile ilikuwa ikipiga marufuku kuwachanja vijana chale hizo. Hapo ndipo penye kitendawili: mtalii alitaka kuona ushenzi aliokuja kusifu kwamba umekomeshwa. Akikuta mwenyeji amevaa kimono na kusema Kijapani safi, alirudi amesikitika. Ikabidi mavazi ya zamani yatunzwe kwa ajili ya wageni, na kwenye ziwa Sun Moon Wathao, wenyeji wa hapo, wakaimba wimbo wa kutwanga mchi kwa malipo.

Jambo hili lina sura mbaya. Kijiji cha Musha (leo Wushe) kilisifiwa kuwa mfano wa mafanikio na kilipokea watalii. Tarehe 27 Oktoba 1930, siku ya michezo ya shule, Waseediq wakiongozwa na Mona Rudao waliwashambulia Wajapani na kuua 134. Miongoni mwa sababu ni kazi za kulazimishwa za kubeba magogo na manyanyaso ya polisi. Watalii walikuwa wamepita hapo miaka yote, wameona shule na wimbo. Magogo yalikuwa nje ya njia yao. Jeshi lilijibu kwa mizinga na ndege.

Baadaye mkazo ukahamia kwenye mandhari. Mwaka 1937 Taiwan ilitangaziwa hifadhi tatu za taifa, Alishan na Taroko zikiwemo. Mlima Yu, wenye mita 3,952, ulishapewa jina la Kijapani mwaka 1897 kwa kuwa unaushinda Fuji kwa urefu. Mlima hauasi. Hauulizwi maoni pia.

SWALI: Je, watu wa makoloni nao waliweza kutalii Japani?

Walipelekwa. Kuanzia 1897 serikali ya Taiwan iliwachukua viongozi wa wenyeji wa milimani hadi Japani na kuwaonyesha viwanda vya silaha, kambi za jeshi, meli na miji mikubwa. Shabaha ilikuwa kuwafanya wakate tamaa ya kupigana. Mona Rudao alikuwa katika ziara ya namna hiyo mwaka 1911. Aliiona nguvu yote, na miaka 19 baadaye akaamua alivyoamua. Wapangaji wa ziara wangefaa kutafakari hapo.

Kusafiri kwa hiari ni habari nyingine. Mjapani aliingia Korea bila pasi. Mkorea aliyetaka kwenda Japani, ingawa kisheria alikuwa raia wa dola ileile, alitakiwa kuwa na cheti cha polisi kuanzia Aprili 1919, baada ya maandamano ya uhuru ya Machi mwaka huo. Sharti hilo liliondolewa na kurudishwa kwa sura mbalimbali. Ndani ya feri ya Shimonoseki mpelelezi alipita akiwahoji Wakorea, huku mtalii wa Kijapani akilala. Ni nadra kuikuta habari hiyo katika maandishi ya watalii.

SWALI: Hakuna hata mmoja aliyeona tofauti? Waandishi wakubwa je?

Natsume Soseki alialikwa mwaka 1909 na rais wa Mantetsu, Nakamura Yoshikoto, rafiki yake tangu shuleni. Makala zake gazetini ni za kejeli: analalamikia tumbo lake, anawatania marafiki wenye vyeo, hasifu dola. Kwa hiyo wengine humhesabu kuwa mkosoaji. Sisi hatukubali moja kwa moja. Meli ilipotia nanga Dalian aliwaona makuli na akawaandika kama kundi chafu lenye kelele, sawa kabisa na msafiri yeyote asiye na kipaji chake. Mtu anaweza kumcheka mwenyeji wake na bado akatazama kwa macho aliyoazimwa naye.

Mfano wenye uzito zaidi ni Yanagi Muneyoshi, aliyependa vyombo vya udongo vya Korea. Mwaka 1922 alipinga hadharani mpango wa kubomoa lango la Gwanghwamun lililosimama mbele ya jengo jipya la serikali. Lango halikubomolewa, lilihamishwa pembeni. Mwaka 1924 akafungua makumbusho ya sanaa za watu wa Korea palepale Seoul. Alihatarisha jina lake, na heshima hiyo apewe. Lakini alieleza sanaa ya Korea kuwa ni uzuri wa huzuni, wa taifa lililoonewa daima, na Wakorea wengi baadaye walikataa: mtungi mweupe ulifinyangwa na mtu aliyekuwa hodari, wala hakuwa akilia. Hata huruma ilikuwa na mahali ilipoelekezwa kutazama.

Huko Gyeongju, Korea, mnaona jambo hilohilo katika saruji. Pango la Buddha la Seokguram lilivunjwa na kujengwa upya na Wajapani kati ya 1913 na 1915, na watalii waliambiwa kwamba Japani imeokoa kazi ya sanaa ambayo Wakorea wameitelekeza. Mafundi walilifunika kwa tabaka la saruji. Hewa ikazibwa, unyevu ukajikusanya ndani, kuvu ikaota juu ya mawe, ikabidi matengenezo yarudiwe. Mtalii hakusimuliwa juu ya unyevu.

SWALI: Karafuto ilikuwa wapi?

Nusu ya kusini ya kisiwa cha Sakhalin, iliyochukuliwa na Japani mwaka 1905. Kuanzia 1923 kulikuwa na feri kutoka Wakkanai. Kivutio kikuu kilikuwa mpaka na Urusi kwenye latitudo ya digrii 50: mawe yenye ua la krisanthemumu upande wa kusini na tai mwenye vichwa viwili upande wa kaskazini. Kwa taifa la visiwa, mpaka wa kukanyagwa kwa mguu ulikuwa kioja. Karibu na Shisuka kulikuwa na Otasu, makazi ambako Wauilta na Wanivkh, wenyeji wa asili wa kisiwa, walikusanywa, nako wageni walikwenda kutazama kulungu wa theluji na shule ya watoto. Mpangilio wa Jiaobanshan, kwenye baridi.

SWALI: Nimepata kadi za posta za zamani za Dalian na Seoul mtandaoni. Nitajuaje ni za mwaka gani, na nizisome vipi?

Geuza kadi kwanza. Mgongo husema zaidi ya picha. Kadi za picha zilizochapishwa na watu binafsi ziliruhusiwa Japani Oktoba 1900. Kama mgongo hauna mstari wa kuugawa, na ujumbe umeandikwa juu ya picha, ni ya kabla ya Machi 1907. Kama mstari umekata theluthi moja kwa ajili ya ujumbe, ni kati ya 1907 na 1918. Kama mstari uko katikati, ni ya 1918 au baadaye. Kisha soma maneno ya juu yenye maana ya kadi ya posta, yanayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tazama herufi ya pili kutoka mwisho: ikiwa haina vijistari viwili vidogo begani (か), ni ya kabla ya 1933, ikiwa navyo (が), ni ya 1933 au baadaye. Maneno hayo yakianzia kushoto, karibu hakika ni ya baada ya vita.

Zipo tahadhari. Muhuri wa posta unakupa siku ya kutumwa, na picha inaweza kuwa ya miaka 15 kabla. Wachapishaji walirudia bamba moja la kuchapia kwa maelezo mapya. Rangi zilipakwa kwa mkono na mtu ambaye huenda hakufika huko, kwa hiyo usijenge hoja juu ya rangi ya nguo. Kadi za Port Arthur, Busan au Keelung mara nyingi zina mstari mdogo unaosema zimeruhusiwa na makao ya ngome ya kijeshi, wakati mwingine pamoja na tarehe; tarehe hiyo ni ya kuaminika kuliko muhuri. Milima nyuma ya bandari ikionekana imefutika, si ukungu: imefutwa kwa amri.

Mihuri ya mpira ya kumbukumbu, yenye picha ya mnara au daraja, haiwezi kuwa ya mapema: desturi hiyo ilianzia kituo cha Fukui mwaka 1931, kisha ikaenea hadi makoloni.

Ukishapata mwaka, jiulize kadi iliuzwa katika seti gani. Ziliuzwa kwa bahasha ya kadi kadhaa, na maana iko katika mfuatano: hekalu, benki, bandari, halafu ghafla mpagazi. Kadi moja ya mpagazi iliyotolewa nje ya seti hukuficha kwamba iliwekwa baada ya benki kwa makusudi. Muuzaji akiwa na bahasha yake, ilipie hata ikiwa imechanika.

SWALI: Ziara hizi zilikoma lini, na kuna kilichobaki?

Hazikukoma vita na China vilipoanza 1937. Mwaka 1940 Wajapani bado walitalii kwa wingi, wakiita ziara zao hija za kizalendo. Uhaba wa mafuta na meli ndio uliozibana, na kufikia 1944 hata safari ndefu za treni ndani ya Japani zilihitaji ruhusa.

Baada ya vita Wajapani hawakuruhusiwa kusafiri nje kwa starehe hadi Aprili 1964, na hata hapo mara moja kwa mwaka na kwa dola 500 tu. Uhusiano na Korea Kusini ulirejeshwa 1965 na feri ya Shimonoseki hadi Busan ikarudi 1970. Haraka sana wanaume wa Kijapani wakamiminika Seoul kwa makundi, na kisaeng wakarudi kwenye ratiba, safari hii biashara ya ngono ikiwa wazi. Mwaka 1973 wanafunzi wa kike wa Korea waliandamana hadi uwanja wa ndege wa Gimpo kuwapinga. Wakala wa tiketi walikuwa wapya. Picha ya Mkorea waliyoiuza ilikuwa imepigwa miaka sitini kabla.

Hoteli ya Yamato ya Dalian, jengo la 1914, bado ipo kwenye uwanja uleule wa mviringo. Sehemu kubwa ya Lüshun ilifungwa kwa wageni kwa miaka mingi kwa kuwa ni bandari ya kijeshi, ikaanza kufunguliwa 1996. Mnara wa Baiyu haujabomolewa. Watalii wanaoupanda sasa wengi wao ni Wachina.